Vitabu vya Uzazi Visivyonijua

Nilimwambia mwenye duka kwamba nataka kitabu cha kuzaa, naye akanipa kitabu cha sayansi cha watoto wa shule. Akakifungua yeye mwenyewe juu ya kaunta, kwenye mchoro wa tumbo la mwanamke asiye na kichwa wala miguu, akaugongagonga ukurasa kwa kalamu.

"Mambo yote iko hapa, mama. Mpaka majina ya kila kitu."

"Na nikishikwa na uchungu? Nifanye haya maswali ya mwisho wa sura?"

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wazazi. Baba mmoja akacheka. Nikamgeukia nikamtazama mpaka akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mwenye duka, Mmeru mpole ambaye sikuwa na ugomvi naye kabla ya siku hiyo, akaniambia nisikasirike. Alikuwa na vitabu vya shule, vya kanisa, na Kurani za kila saizi kwenye rafu ya juu kabisa. "Lakini ya kuzaa watu hawaulizangi," akasema. "Watu huzaa tu."

Watu huzaa tu! Nilitoka pale nimefura, mimba yangu changa ikiwa bado imejificha chini ya dera, nikapita katikati ya wauza miraa bila kuitikia salamu ya mtu. Mpaka leo nikipita mbele ya duka lile neno hilo linanirudia na linaniwasha upya.

Mimi ni mtu wa duka la vipuri. Babu wa baba yangu aliletwa Isiolo akiwa askari wa mkoloni, akapewa ruhusa ya kuchunga, na kizazi baada ya kizazi ngamia wakageuka malori. Sasa ndugu zangu wanaendesha na mimi nakaa nyuma ya kaunta. Dereva akiingia akisema gari lake linalia, simpi chochote kabla hajaniambia ni gari gani, na nani alilifungua mara ya mwisho. Huwezi kutengeneza lori kwa kitabu cha pikapu. Kila fundi wa mji huu analijua hilo. Lakini mwili wa mwanamke, uliofunguliwa na kufungwa na watu ambao hawana neno la kumweleza mwenyewe, huo unaambiwa uzae tu.

Nasema uliofungwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitahiriwa nikiwa darasa la pili, likizo ya Desemba, kwa njia ile ya kwetu ya kukata na kushona, pakabaki tundu dogo la haja. Kwenye semina wanaita ukeketaji na wanagawa soda. Nyumbani hatuna jina la kulitaja kwa sauti. Serikali imepiga marufuku, kila mtu anajua, na ndiyo maana linafanywa mlango ukiwa umefungwa.

Mtoto wangu wa kwanza, mvulana, nilimzalia nyumbani kwa mama mkwe. Mkunga alikuwa shangazi wa mume wangu, mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, na sikatai kwamba ana mikono mizuri. Uchungu ulipopamba moto alinifungua kwa wembe, mtoto akatoka, akalia, wanawake wakapiga vigelegele. Nikiwa nimelala na mtoto kifuani, nikidhani kazi imeisha, nikaisikia sindano. Hakuna aliyeniuliza. Mama mkwe alinishika goti moja, jirani akanishika la pili, na shangazi akanishona tena huku akinisifu kwa uvumilivu wangu. Alipomaliza akanipigapiga paja. "Sasa umerudi msichana," akasema, na wengine wakanipongeza. Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikawaambia asante.

Asante hiyo ndiyo iliyonikaa kooni. Kila nilipokwenda haja ndogo na kukaa huko nikisubiri matone yaishe, wateja wakiniita dukani kama watu wanaomtafuta mbuzi aliyepotea, niliikumbuka.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia niliapa mambo mawili: nitazaa kwa njia ya kawaida, na hakuna mkono utakaonishona tena. Kwa mtu wa mbali hilo linaonekana ombi dogo. Lakini nilikuwa nimesikia wanawake wenzangu wakisimulia. Ukienda hospitali ukampata muuguzi ambaye hajawahi kuona mwili kama wetu, anashtuka, anamwita mwenzake, wanashtuka pamoja, kisha unapelekwa tieta kupasuliwa tumbo kwa sababu hawajui pa kuanzia. Ukibaki nyumbani, mikono mizuri ya shangazi inakungoja na uzi. Huku sindano, huku kisu. Nilitaka njia ya katikati na sikumjua mtu yeyote aliyeipita, ndipo nikasema nitatafuta kitabu. Mtu fulani mahali fulani lazima awe ameandika.

Binti wa mama yangu mdogo, anayeishi Eastleigh, alinitumia vitabu vitatu kwa basi. Vyote vilikuwa kwa Kiingereza. Niliviweka majalada ya karatasi ya kalenda kama tulivyofanya shuleni, nikawa navisoma dukani wateja wakipungua, na mtu akiuliza nasema ni katalogi za vipuri.

Cha kwanza kilikuwa kizuri kwa macho. Kila ukurasa ulikuwa na mwanamke anayetabasamu, na wengi wao walikuwa ndani ya beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, mishumaa kando, mume nyuma akimsugua mgongo kwa mafuta ya maua. Mume wangu wakati huo alikuwa amekwama njia ya Merti na shehena ya unga, na maji yetu ya mfereji hutoka yakijisikia. Lakini hayo ningeyasamehe. Kilichonitoa machozi ya hasira ni kwamba sura baada ya sura kitabu kilirudia kwamba mwili wa mwanamke unajua kuzaa, kwamba kazi yako ni kuuamini na kutouingilia. Kutouingilia! Nilikifunga kwa kishindo, na dereva aliyekuwa akikagua mkanda wa feni akaniuliza kama bei zimepanda. Mwili wangu uliingiliwa kabla sijajua kuandika mwandiko wa kuunganisha. Mwandishi alikuwa ameorodhesha wanawake wa kila namna, wanene, wafupi, waliopasuliwa, wenye mapacha, na sisi hatukuwamo hata kwa mstari mmoja. Kwake, asili ilianza siku ya uchungu.

Cha pili kilikuwa cha dini, kimeandikwa na mwanamume, kuhusu mke mwema na uzazi. Mimi naswali na ninafunga, sikuhitaji kuambiwa kwamba uchungu wa uzazi una thawabu. Nilihitaji kuambiwa nikae vipi. Hata hivyo nilikisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali panapoamuru mwanamke akatwe hivi au ashonwe baada ya kuzaa, kwa kuwa nilijua nitaulizwa. Sikupaona. Yule bwana alikuwa amepata nafasi ya kunielekeza jinsi ya kumpokea mume kwa tabasamu nikiwa na wiki mbili za uzazi, lakini hilo hakuliandika.

Cha tatu kilikuwa kimekwisha tumika, kizito, cha kufundishia wauguzi, kina doa la chai kwenye jalada. Humo nikajikuta. Tulikuwa ndani ya kisanduku cha rangi ya kijivu, chini ya ukurasa, baada ya kisukari na kabla ya kifafa. Kulikuwa na mchoro. Nilipouona nilifunika ukurasa kwa kiganja, nikatazama mlango, kisha nikaondoa kiganja polepole. Sikuwahi kujiona. Kioo ninacho, lakini sikuwahi.

Maneno yalikuwa machache. Yalisema mwanamke wa namna hii anaweza kufunguliwa mapema, mimba ikiwa katikati, kwa sindano ya ganzi, akapona kabisa, na siku ikifika akazaa kwa njia ya kawaida kama mwingine yeyote. Nilisoma mara nyingi sana. Miaka yote hiyo njia ya katikati ilikuwepo, imefungiwa kwenye kisanduku, katika kitabu ambacho mwenye mwili hategemewi kukifungua. Maana kisanduku hakikuwa kikisema na mimi. Kilimwambia muuguzi amtulize mgonjwa, kikamwambia amweleze mume, kikamwambia asioneshe mshangao usoni. Mimi nilikuwa kitu kilicholala kitandani huku wenye kusoma wakiongea juu yangu. Nilikasirika kwa kusahauliwa na kile cha kwanza, na nikakasirika zaidi kwa namna nilivyokumbukwa na hiki. Lakini nilikichagua. Vile viwili nikavirudisha chini ya kaunta.

Mume wangu aliporudi kutoka Merti, hata vumbi halijamtoka, nilimweleza yote. Nilimwambia nitakwenda kufunguliwa, nitazalia hospitali, na sitashonwa. Alivua viatu, akavipanga vizuri kuliko ninavyomjua kupanga kitu chochote.

"Hiyo maneno ongea na mama," akasema.

Yaani mwili ni wangu, mume ni wangu, lakini mazungumzo ni ya mama yake. Nilimwambia nitaongea naye, na kwamba yeye asiondoe lori kwenda Garbatulla wala kokote mpaka atakaponiambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kama yuko nami au hayuko. Alikaa siku nzima akizunguka lori ambalo halikuwa na ubovu. Jioni akaja akasema yuko nami lakini watu watasema. Nikamjibu waseme, wana midomo yao.

Mama mkwe hakungoja nimwendee. Alifika yeye, na shangazi mkunga, na yule jirani aliyenishika goti, wakaketi kwenye mkeka, nikawapa chai ya iliki. Salaam aleikum zilipoisha mama mkwe akasema amesikia nasoma vitabu vinavyofundisha wanawake kukaa wazi kama mlango wa soko.

"Hii ni dini yetu," akasema. "Mambo ya dini haibadilishwi na kitabu ya Nairobi."

Nikaleta kile cha dini kutoka dukani, nikakivua karatasi ya kalenda, nikakiweka mbele yake. Nikamwambia nimekisoma chote na amri hiyo haimo, na kama imo kwingine, amwite shehe yeyote wa mji huu aje anioneshe mstari. Hakusoma, hajui kusoma, lakini alikitambua kwa maandishi ya Kiarabu ya jalada na akakisogeza kwa heshima kisimwagikiwe na chai. Kisha nikafungua kile cha wauguzi kwenye kisanduku.

Walikitazama kikiwa kichwa chini. Jirani akauliza ni ramani ya nini.

"Ni mimi," nikasema. "Na ni wewe, na ni mama, na ni Edo." Edo ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu.

Jirani akajifunika uso kwa mtandio. Mama mkwe akasema astaghfirullah, lakini macho yake hayakutoka pale. Shangazi akaomba nimpe miwani yake kutoka kwenye mkoba, akaivaa, akakigeuza kitabu mwenyewe, akauinamia ule mchoro kwa muda mrefu. Nilifikiri ataona aibu. Nilikuwa nimengoja hiyo aibu kwa hamu, nisidanganye.

"Huyu ameshonwa vibaya," akasema mwishowe. "Mimi sijawahi shona mtu hivi."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na haikuwa furaha. Nikawaambia nimeamua, na mwenye kunishika goti safari hii ajue nitampiga teke. Waliondoka wakiwa wameacha chai nusu.

Kliniki nako sikupokewa kwa zulia jekundu. Muuguzi kijana aliyenipima aliniambia, bila kuinua kichwa, kwamba watu wa aina yangu huandikiwa tieta. Nikamwuliza aina yangu ni aina gani. Akainua kichwa. Nikamwonesha kisanduku chake mwenyewe, katika kitabu cha shule yake mwenyewe, nikamwambia asome kwa sauti. Akaita daktari. Daktari, mama wa makamo mwenye haraka, alikubali kwamba inawezekana, akakiri kwamba wanawake hawaiombi kwa sababu hakuna anayewaambia, kisha akaniuliza kama mzee amekubali.

"Kwani yeye ndiye alishonwa?"

Alinitazama, akaandika tarehe. Mume wangu alinipeleka siku hiyo na akaketi nje kwenye benchi, na kwa hilo namshukuru, nusu shukrani. Walinidunga sindano ya ganzi na kazi ikaisha upesi kuliko kubadilisha gurudumu. Kilichonishinda ni baada ya kupona, siku ya kwanza nilipokwenda msalani bila maumivu. Ilikuwa imeisha kabla sijajiandaa. Nilibaki nimechutama pale nikisubiri, kwa mazoea, na hapakuwa na la kusubiri. Nililia kwa hasira mpaka kijana wangu akagonga mlango. Nilikuwa nikihesabu, si siku wala miaka, bali wanawake: wote wa ukoo wetu, kila mmoja kwenye choo chake, akingoja.

Nilizaa adhuhuri moja ya jua kali, hospitali, kwa njia ya kawaida. Kile kitabu cha beseni, nikitendee haki, kilinifaa kitu kimoja: kupumua. Nilipumua kama kilivyosema na nikasukuma nikiwa nimechuchumaa, jambo ambalo kila mwanamke wa Ngaremara, kijiji cha jirani, angenifundisha bure. Mtoto alikuwa msichana. Kuhusu yeye na wembe nilisema neno moja tu, mbele ya mume wangu na mama yake, siku niliyorudi nyumbani, na sitaliandika hapa kwa kuwa si neno zuri. Walilisikia.

Nikiwa bado katika arobaini, shangazi akaja. Alivua viatu mlangoni, akatoa salamu, akaketi pembeni ya kitanda, mkoba wake mapajani. Nilijua kilichomo. Mtoto alikuwa akinyonya nami sikutaka kumsumbua, kwa hiyo nilisema kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwangu ni kazi.

"Edo, hapana."

"Mama mkwe yako amenituma."

"Mwambie nimekataa. Na ukinigusa nitapiga simu kwa chifu, ndani ya mji huu, mchana huu, hata kama wewe ni shangazi yetu."

Nilikuwa tayari kwa vita. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu mimba ikiwa changa, makali yote, na nilitaka sana kuyatumia. Lakini hakufungua mkoba. Aliutazama ukuta, akatengeneza mtandio, akakohoa.

"Mkojo inatoka aje sasa?" akauliza.

"Inatoka tu."

"Haichukui muda?"

"Nikichutama, imeisha."

Akatikisa kichwa kidogo, akiyapima. "Mimi naweka chai kwa kikombe, naenda," akasema. "Nikirudi imepoa. Hivyo tu, kila siku, tangu niwe msichana." Alikuwa amezaa watoto wengi, na baada ya kila mmoja alishonwa na mama yake mdogo, aliyemfundisha kazi. Mume wake alishakufa zamani, wala hakukuwa na mtu duniani aliyehitaji afungwe, na bado alikuwa amefungwa.

Kisha akauliza iwapo hata mwanamke mzee kama yeye hufunguliwa.

Natamani ningeweza kuandika kwamba moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Niliona mkono ule ule ukiwa umelala juu ya mkoba, nikawaona wasichana wote waliopita chini yake, na nikataka kumwambia aende akanywe chai yake baridi. Nilimwacha akae na swali lake huku nikimhamisha mtoto titi la pili. Hasira ninayo hadi sasa ninapoandika haya, na sina mpango wa kuiacha. Lakini swali ni swali, na mimi ndiye niliyezunguka mji mzima nikiomba mtu anijibu.

Nikamwambia inawezekana. Nikamwambia nitampeleka mimi, ila mkoba anauacha hapa, na haurudi kwake.

Akauinua kutoka mapajani, akauweka sakafuni, akausukuma kwa mguu mpaka chini ya kitanda changu. Halafu yule mwanamke, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kutuuliza hata mmoja wetu, akanisogelea karibu kabisa na sikio, ili mtoto asisikie, akaniuliza kama inauma.